Baba Yetu Mmoja

Chennai, India
11 Februari 2024

Kwa Baba Fabiano, Mungaa.

Shikamoo Baba. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na Mama Dorkas naye magoti yamempa nafuu. Sisi huku tunaendelea. Damiani anakula kuliko wote, ingawa kila siku analalamika kwamba wenyeji wa hapa wakipata nafasi watatia pilipili hata kwenye maji ya kunywa. Peniel anakusalimu. Anauliza kama mtama umeshika vizuri, na kama yule ng'ombe mwenye pembe moja ameshazaa.

Utashangaa kuona barua wakati juzi tu tuliongea. Baba, simu yako ni mkutano wa hadhara. Unaiweka spika kwa sababu ya masikio, Mama yupo, majirani wapo, na nikitamka neno moja la ugonjwa, kabla ya jioni limefika Ikungi likiwa limezaa watoto. Kwa hiyo kwenye simu nitaendelea kusema tu hatujambo. Ya kweli nitayaandika na kuyapa watu wanaorudi nyumbani. Hii anaileta Rukaiya, mama wa Itigi aliyekuja na binti yake kutibiwa moyo.

Ya kweli ni kwamba Peniel amedhoofika kuliko alivyokuwa tulipoondoka. Ile mashine ya kusafisha damu inamchosha. Akitoka hapo hana nguvu hata ya kubishana na Damiani, na wewe unajua wale wawili wasipobishana kuna jambo. Madaktari wanataka apate figo mapema. Mimi, kama ujuavyo, walinikataa kwa ajili ya kisukari. Damiani amepimwa na anafaa.

Siku ya kuagana pale stendi uliniuliza kwa nini twende mbali hivi wakati nyumbani kuna hospitali kubwa, na mimi nilikuwa nahangaika na mabegi sikukujibu. Ni madaktari wetu wenyewe waliotutuma. Walisema Peniel ameongezewa damu mara nyingi mno, mwili wake umekuwa mkali, utaikataa figo ya mtu yeyote. Inabidi utulizwe kwanza kwa namna ambayo wao hawajaanza kuifanya. Hilo ndilo jibu la daktari. Lakini hapa tulipopanga wanakaa wagonjwa wa nchi nyingi, na wakati wa kupika, ukiwauliza, kila mtu ana jibu lake. Yupo aliyetumwa kama sisi. Yupo ambaye hakukubali alichoambiwa kwao, akaja kutafuta mtu wa kumwambia kingine. Rukaiya alisema yeye alikuja ili asije akakaa Itigi maisha yake yote akijiuliza. Nadhani hata sisi tungetumwa au tusingetumwa, tungekuja.

Msalimie Mama.

Mwanao,
Rahel

*

Mungaa
10 Machi 2024

Mwanangu Rahel,

Marahaba. Sisi hatujambo. Mvua ilisita katikati ya Februari tukaanza kutazamana, kisha ikarudi. Mtama umeshika, kazi sasa ni kupigana na ndege. Mwambie Peniel ng'ombe amezaa dume, na linafanana na mama yake kwa ukorofi. Magoti ya Mama yako ni yaleyale, lakini jana nilimkuta juu ya paa la banda la kuku, kwa hiyo usimwonee huruma sana.

Yule Rukaiya alifika Ikungi na binti yake, tukaonana pale sokoni. Mtoto anatembea, tena anakimbia. Nilimtazama muda mrefu hadi mama yake akacheka. Niliporudi nilimwambia Mama yako kwamba huko mliko kazi inafanyika.

Watu wanauliza. Chediel mtendaji ananiuliza kila Jumapili tukitoka kanisani. Wengine wanasema kwenda nje ni mambo ya wakubwa, sisi wa jembe tumejipandisha. Siwajibu. Mtu hajui uzito wa mzigo ambao haujawahi kukaa kichwani pake.

Jambo moja. Habari ya Peniel umeiandika vizuri, nimeielewa. Habari ya Damiani umeiandika kwa maneno matatu, amepimwa na anafaa. Iongeze. Waulize hao madaktari kama mtu aliyebakiwa na figo moja anaweza kushika jembe la ng'ombe kutwa nzima. Usiseme ni mimi niliyeuliza.

Ni mimi baba yako,
Fabiano

*

Chennai
2 Aprili 2024

Shikamoo Baba.

Barua yako niliipata, tukaisoma habari ya ndama mara mbili. Niliwauliza madaktari. Wanasema anaweza kulima, kuoa, kuzeeka. Anatakiwa tu anywe maji ya kutosha na asichezee dawa za maumivu. Nilisema swali ni langu.

Sasa nina habari mbaya, na sijui niianze wapi.

Tulipofika hapa mara ya kwanza alikuja Deo, kijana wa kwetu anayesoma chuo hapa, kututafsiria. Peniel alikuwa amelala hajiwezi. Wakamuuliza Damiani: mgonjwa ni nani kwako? Akajibu kama anavyojibu tangu azaliwe, ni kaka yangu. Wakauliza, kaka wa vipi? Akasema, "Baba yetu mmoja." Nami nilikuwepo nikaitikia, ndiyo, wadogo zangu wote. Pasipoti nazo zinasema Peniel Fabiano na Damiani Fabiano, maana ndivyo ulivyowaandikisha shule. Deo akatafsiri, wakaandika.

Hapa sheria ni kwamba ndugu wa tumbo moja au wa baba mmoja anatoa figo bila maswali mengi. Lakini damu hupimwa kuhakikisha. Wiki iliyopita majibu yalitoka kwamba hawa wawili hawana baba mmoja wala mama mmoja. Baba, walibadilika sura. Huku kuna watu huwanunua maskini na kuwaleta kwa jina la ndugu. Damiani aliwekwa chumba cha peke yake akaulizwa ameahidiwa nini. Alitoka humo akiwa na hasira, akaniuliza, "Dada, nimwambie nini zaidi? Nimwambie tulilala kitanda kimoja?"

Nimewaeleza kwamba Peniel na mimi ni watoto wa marehemu kaka yako, na kwamba kwetu mtoto wa kaka ni mtoto, hakuna jina lingine. Wanasikia, ila hawawezi kuamini mdomo wangu tena. Mtoto wa baba mdogo anaruhusiwa kutoa, lakini lazima kamati yao ikubali, na kamati inakutaka wewe. Unatakiwa uende ofisi ya wilaya pale Ikungi, ukae mbele ya kompyuta na afisa akiwa shahidi, wakuone na wakusikie. Useme wazi kwamba Damiani ndiye mwanao, Peniel si mwanao bali ni wa kaka yako, na kwamba umekubali.

Fanya haraka, Baba. Peniel hana miezi mingi.

Mwanao,
Rahel

*

Mungaa
28 Aprili 2024

Mwanangu Rahel,

Marahaba. Sisi wazima. Tumeanza kuvuna uwele, umetoa kiasi. Alizeti inainama. Vitunguu vya Damiani nimevitunza mwenyewe, mwambie asiwe na wasiwasi. Antipasi jirani yetu ameozesha binti, tukala vizuri. Ndama amevunja kamba mara mbili.

Habari yako nimeisoma. Barabara ya kwenda Ikungi imeharibika. Nitatazama.

Mama yako anawasalimu wote.

Baba yako,
Fabiano

*

Chennai
16 Mei 2024

Shikamoo Baba.

Hatujambo, wala sitaandika salamu ndefu. Niwie radhi.

Juzi kwenye simu nilikuuliza kama umekwenda Ikungi, ukasema mvua imekata barabara. Baba, ni Mei. Hata mtoto aliyezaliwa hapa Chennai anajua Singida hakunyeshi Mei. Chediel aliniambia kwa simu yake kwamba ameshaenda kwa afisa, chumba kipo, kompyuta ipo, anakungoja wewe tu, na kila akikufuata unamwonyesha alizeti.

Wiki iliyopita Peniel alianguka bafuni. Mapafu yalijaa maji. Walimtoa hatarini, lakini daktari aliniita pembeni akaniambia kwamba mwili sasa wameutuliza kama walivyopanga, uko tayari kuipokea figo, na utulivu huo haukai. Ukipita, kuurudisha si rahisi, na yeye hatauweza tena. Nilirudi kitandani nikamkuta anasahihisha mitihani ya hewani, anatembeza kidole kwenye shuka kama yuko darasani kwake Issuna. Nikatoka nje nikalia.

Mimi najua ulisema nini siku ya kumaliza matanga ya baba yetu Benjamin. Nilikuwa na miaka saba, nilikaa miguuni pa shangazi. Wazee walikuuliza mbele ya watu, watoto hawa ni wa nani? Ukajibu, ni wangu. Hakuna aliyerudia swali hilo tena. Na mama yetu Luciana alipomfuata baba kabla Peniel hajaacha kunyonya, Mama Dorkas alimweka titi moja na Damiani titi lingine. Najua. Kwa hiyo najua hilo neno ni zito.

Lakini wewe ndiye uliyenilea nikuulize bila kuzunguka. Ni neno, au ni Damiani?

Rahel

*

Mungaa
2 Juni 2024

Mwanangu Rahel,

Barua yako ilinikuta kwenye kupiga mtama. Niliisoma nimesimama, kisha nikakaa chini juu ya masuke.

Ni vyote viwili.

Nitaanza na Damiani, kwa sababu ndilo linalonitia aibu. Sina mtoto mwingine niliyemzaa. Mama yako alipoteza watatu kabla yake, unajua makaburi yao yalipo. Kila ninapofumba macho naona kisu kinaingia kwa mtu mzima asiyeumwa. Kama wangechukua yangu ningekuwa nimeshafika huko, hata kwa miguu, lakini walisema pale mwanzo kwamba shinikizo langu la damu haliruhusu. Ningependa uandikiwe na baba jasiri. Lakini huyu ndiye uliye naye.

Na neno. Peniel aliniuliza mara moja tu maishani, akiwa darasa la nne. Wenzake walimwambia wewe si wa pale, baba yako amelala chini ya mawe. Alikuja akasimama mlangoni, akaniuliza kama ni kweli. Nilimwambia akafunge ndama. Akaenda akafunga, akarudi, tukala, na hakuuliza tena. Tangu siku ile tumeishi juu ya jibu hilo. Anajua, Rahel, si mjinga, ni mwalimu. Lakini kujua ni kitu kimoja, na kusikia kwenye kinywa cha mtu aliyekulea ni kingine. Mnataka nimpe mtoto uhai kwa kumwambia mbele ya wageni kwamba si wangu. Hao wageni wanadhani wananiuliza jambo dogo.

Mama yako sikumwambia lolote hadi juzi. Nilidhani atasema Damiani arudi. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia, "Mimi niliwanyonyesha wote wawili, na sikuulizwa ni wa nani. Wewe umeulizwa. Nenda kajibu." Kisha akaenda kunitafutia koti.

Mwambie Deo apange siku. Nitakwenda.

Baba yako,
Fabiano

*

Chennai
27 Juni 2024

Shikamoo Baba, na Mama pia.

Uliyaona mwenyewe kwenye ile kompyuta, lakini wewe uliona sura zetu tu. Nataka ujue yaliyokuwa upande huu.

Wiki nzima kabla ya kikao Deo alitufundisha. Mkiulizwa, msiseme baba, semeni baba mdogo, ili tusichanganye tena. Damiani alicheka, kwa kuwa yeye halikumhusu. Mimi nililitamka likatoka. Peniel alijaribu mara moja akaishia njiani, akasema amechoka, tukaacha.

Siku yenyewe tuliketi mbele ya watu watano. Mkubwa wao ni mama mtu mzima, mvi tupu. Ukatokea kwenye ukuta ukiwa na koti la Krismasi, na Chediel nyuma yako anashikashika nyaya. Nilitaka kucheka na kulia. Yule mama akauliza, na Deo akatafsiri: "Mgonjwa huyu ni mtoto wako?"

Deo alinong'ona kwamba mtandao umeganda. Mimi niliona unapepesa macho, nikajua haujaganda. Peniel alikuwa kwenye kiti cha magurudumu pembeni yangu, anatazama mikono yake. Ndipo ukasema. Maneno yako nimeyashika yote: "Peniel sikumzaa mimi. Alizaliwa na kaka yangu Benjamin, nikaachiwa. Damiani ndiye niliyemzaa, na sina mwingine."

Wakauliza kama kuna aliyekulazimisha, ukasema hapana. Wakauliza kwa nini basi unakubali mwanao wa pekee akatwe kwa ajili ya mtoto wa mwingine. Deo alisita kulitafsiri swali hilo, nami nilikuwa namlaani moyoni yule mama. Ukajibu, "Kitu ulichoachiwa unakitunza kuliko chako. Nikifika kwa kaka yangu, huyu ndiye nitakayeulizwa." Yule mama alivua miwani akaifuta. Hawakutuuliza tena lolote la maana.

Kibali kimetoka. Upasuaji ni wiki ijayo.

Tulipotoka kwenye korido Damiani alimpiga Peniel begani, akamwambia kumbe miaka yote wewe ni mgeni, ujiandae kurudisha ugali wetu. Peniel akacheka. Alicheka kwa sababu Damiani alihitaji acheke. Jioni nilimuuliza kama ameumia, akaniambia hapana, baba alifanya lililotakiwa. Kisha akageukia ukuta. Mimi sina zaidi ya hapo, na sitaki kubuni.

Tuombeeni.

Mwanao,
Rahel

*

Mungaa
25 Agosti 2024

Mwanangu Rahel,

Marahaba. Sisi hapa wazima. Mavuno yameingia ndani, alizeti imekamuliwa, na jua sasa ni kali hadi mawe yanapasuka. Mama yako ameanza kumtengea Damiani kuku, kila siku anabadilisha ni yupi. Nilipomwambia mtu aliyepasuliwa hali mafuta, aliniuliza nimesomea wapi.

Kuanzia siku ile ulipopiga ukasema wote wawili wametoka salama, na figo imeanza kazi pale pale mezani, sijakuandikia. Nilishika kalamu mara nyingi. Damiani ananipigia anajisifia kovu lake. Anasema atarudi mapema, ninyi wawili mbaki kwanza karibu na madaktari. Ni sawa. Msifanye haraka, ndama ni dume zima sasa, linaweza kungoja.

Jana Peniel alipiga mwenyewe. Zamani wewe ndiye uliyeanza kisha ukampa. Safari hii alianza yeye. Spika ilikuwa wazi kama kawaida. Mama yako alikuwa anapepeta, Chediel amekuja kuazima mkokoteni. Nikasikia sauti yake, nzima, ya darasani: "Shikamoo, baba mdogo."

Nikaitikia marahaba. Nikamuuliza amekula nini, akanieleza. Akaniuliza habari ya shule, ya mtama, ya makaburi kama yamefyekwa. Aliongea muda mrefu bila kuhema. Chediel akasema, sauti imerudi. Ni kweli, imerudi. Mama yako aliacha kupepeta akanitazama, kisha akaendelea.

Sijui kama ni mazoea ya yale mafunzo ya Deo, au ameamua. Usimuulize, Rahel. Nakukataza. Hata akikutajia mwenyewe, mwambie akafunge shati, akanywe dawa, chochote. Imeniuma, sikufichi. Lakini nililisema kwa mdomo wangu, yeye akiwa pale, na sina mtu wa kumlaumu. Nisingelisema, kwa hali aliyokuwa nayo Mei, asingekuwepo wa kuniita jina lolote.

Msalimie sana. Mwambie baba yake mdogo ni mzima, na amefurahi kusikia sauti yake.

Fabiano